Watu Wakavu wa Ishirini na Sita Desemba

Bwera, 14 Julai 2025

Kwa Bwana Bright, mpiga video, Kasese

Mdogo wangu Bright,

Usishangae kuandikiwa barua siku hizi. Jina lako na namba yako nimeziona mwisho wa video yako, zinawaka rangi ya dhahabu utafikiri wewe ndiye uliyeimba. Lakini simu hainisaidii. Homa ya mwaka 2020 ilichukua masikio yangu yote mawili, na kisimu changu ni kile cha tochi, hakipokei picha. Kwa hiyo bahasha hii nimempa Erifazi, dereva wa teksi ya Bwera na Kasese. Anasema anakufahamu, ulimpiga picha siku ya harusi yake ukamkata kichwa.

Mimi ni Geneviève, watu huniita Mama Rachelle. Nauza vitenge hapa sokoni Bwera. Nilitoka Butembo na binti yangu miaka mitano iliyopita, baada ya mume wangu Ruben kupotea. Alikuwa fundi wa pikipiki. Asubuhi ya tarehe 11 Januari 2020 aliondoka kwenda Beni kuchukua vipuri. Pikipiki yake ilikutwa njiani. Yeye hakukutwa, si mzima si maiti.

Jumamosi iliyopita Rachelle alinivuta hadi kibanda cha video cha Abubaker, karibu na meza yangu ya vitenge. Kabla ya mpira waliweka video yako ya tamasha la Kasese, ile iliyoandikwa 26 Desemba 2024. Ndugu yangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Watu maelfu wanaruka kwa pamoja, vumbi linapanda hadi viunoni, na mimi sisikii hata punje ya ngoma. Nilipigwa na bumbuwazi. Wenye masikio walikuwa wanamwangalia mwimbaji. Mimi sina masikio, kwa hiyo niliangalia watu.

Dakika ya saba nikamwona Ruben. Shati la njano, kofia mkononi, anaizungusha juu ya kichwa, bega la kushoto limepanda kuliko la kulia. Nilisimama katikati ya kibanda nikaziba picha, wavulana wakanirushia maganda ya karanga. Rachelle alinishika nguo. Alikuwa na miaka minane baba yake alipopotea, na sura yake amebaki kuiulizia kwangu. Niliyasoma maneno yake mdomoni, anauliza kama ndiye baba yake: "Mama, njo ye? Njo Papa?"

Sasa sikiliza shida yangu. Shemeji yangu Xavier anakuja kutoka Butembo. Tarehe 23 Agosti tumepanga misa ya marehemu, tufunge matanga yaliyokaa wazi miaka yote hii. Nitamwombeaje mtu pumziko la milele ikiwa anarukaruka Kasese siku ya pili ya Krismasi?

Nitolee picha yake kubwa kwenye karatasi. Na uniambie neno moja tu: video ile ni kweli ya tarehe 26 Desemba iliyopita?

Mimi,
Geneviève, Mama Rachelle

*

Kasese, 17 Julai 2025

Wasibire, Mama Rachelle!

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka tisa nabeba kamera. Nimepiga maharusi, mahafali, maaskofu, hata ng'ombe wa mahari aliyekataa kutulia. Sijawahi kuambiwa kwamba lenzi yangu imemtoa mtu kaburini. Mama, nywele zilinisimama!

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Nimempata. Dakika ya saba na sekunde kumi na mbili, shati la njano, kofia, na lile bega. Nimemkuza mpaka karatasi ikajaa. Tazama mwenyewe kama macho yake hayakufuati chumbani.

Nimewasimulia vijana wa bodaboda hapa stendi, wote wamebaki midomo wazi. Mmoja amesema, "Bright, wewe si mupiga picha tena, wewe ni nabii." Nimemwambia aache kufuru, ingawa sikumwambia kwa nguvu sana.

Kuhusu tarehe, video imeandikwa 26 Desemba, na mimi siandiki tarehe kwa kubahatisha. Tamasha lile lilikuwa kubwa kuliko yote ninayoyakumbuka. Hardy, mwandaaji wake, baada ya kuiona video amenipa na tamasha la Desemba hii. Anasema hakuna mwingine Kasese anayeweza kuonyesha umati namna ile.

Mungu ni mkubwa, Mama.

Wako,
Bright
Mkurugenzi, Mwanga wa Milima Video na Picha

*

Bwera, 21 Julai 2025

Mdogo wangu Bright,

Picha imefika. Erifazi aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba sakramenti, na hakufanya mzaha hata mmoja.

Ni yeye. Nimeiweka juu ya meza, nikatoka nje, nikarudi, bado ni yeye. Kovu la nyusi alilolipata kwa mnyororo wa pikipiki lipo. Jino la pembeni lililopinda lipo. Nilikuwa nimeshamsahau! Nakiri kwako kwa sababu hunijui: nilikuwa nimebakiwa na shati na harufu ya grisi tu, uso ulikuwa umeshaniponyoka. Nimekaa na picha hiyo siku nzima bila kuuza hata kipande cha kitambaa.

Halafu jana hasira ikanipanda. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto kilomita hamsini kutoka hapo, anacheza! Mimi nimelala kwenye hema la wakimbizi, nimeuza vitenge kwa ishara za mikono, nimemsomesha mtoto wake, naye anazungusha kofia. Nikasema akirudi sitampa hata maji. Kisha nikafua shuka zote za nyumba.

Rachelle ananicheka. Ameibandika picha ukutani upande wake wa kitanda, na kila asubuhi anaisalimia.

Xavier nimempelekea ujumbe kwamba misa isimame. Amejibu kwa ukali kwamba naichezea roho ya kaka yake, kwamba ukoo umeshachoka kungoja. Padri ameniambia ataniachia nafasi hadi tarehe 10 Agosti, baada ya hapo niseme moja.

Jumamosi mimi na Rachelle tunakuja Kasese. Tutalala kwa Teopista, mama wa parokia yetu aliyehamia Rukoki. Tutapita mlango kwa mlango na hii picha. Nitafika na studioni kwako nikushike mkono.

Geneviève

*

Kasese, 24 Julai 2025

Mama Rachelle,

Ningeomba msije kwanza. Kasese si Bwera, ni mji mpana, na siku ile watu walitoka kila mahali, wengine hata Fort Portal. Mtu wa tamasha ni mtu wa kupita. Mtachoka bure, na jua la huku mnalijua.

Tena mimi sitakuwepo. Nina harusi Bwesumbu, huko juu mlimani, na wale watu harusi yao haiishi siku moja.

Ngojeni kidogo. Nitaulizia mwenyewe.

Bright

*

Bwera, 2 Agosti 2025

Bright,

Tulikuja. Siku sita tumetembea, mpaka ndala za Rachelle zimekatika.

Studio yako tuliikuta imefungwa, karatasi mlangoni imeandikwa "Tumeenda harusini". Tulikaa kwenye ngazi yako mchana kutwa. Nilitazama picha ulizozibandika dirishani: bibi arusi, watoto wa komunyo, mzee na redio yake. Una jicho, sikukatalii. Rachelle alisema amesikia mtu akikohoa ndani. Nikamwambia ni panya.

Kasese nzima imemwona Ruben kwenye karatasi. Wauza nyanya, mafundi wa pikipiki, kituo cha polisi. Afande mmoja aliichukua picha, akaitazama muda mrefu, akamwambia Rachelle, "Mutu kama huyu akipita hapa, mimi najua. Hajapita." Watu walikuwa wema. Mama mmoja alitupa ndizi, mwingine alitaka kutuombea papo hapo barabarani. Lakini hakuna aliyemjua.

Siku ya tano, Rukoki, tulimkuta Asmah, dada anayechoma mahindi. Alituambia alikuwa tamashani siku ile tangu asubuhi, aliuza mahindi mlangoni. Nikafurahi. Akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. Rachelle aliniandikia maneno yake yote kwenye daftari letu, lile la kuzungumzia tangu masikio yangu yafe, na mimi nakunakilia kama yalivyo:

"Mama, hii si ile siku. Ile siku mvua ilikuwa mingi, mvua ya kutisha, kutoka saa saba. Mpaka jukwaa walifunika na turubai. Watu walikimbia wote, mimi nilirudi na mahindi yangu. Sasa hii watu mbona iko kavu? Na hii vumbi ilitoka wapi?"

Nilimwambia amekosea siku. Akamwita jirani yake, jirani akasema vilevile. Tukawauliza wengine wanne. Wote wanakumbuka mvua.

Bright, mimi ni kiziwi, si mjinga. Mbona watu wa picha yako ni wakavu?

Geneviève

*

Kasese, 4 Agosti 2025

Mama Geneviève,

Aliyekohoa ni mimi. Nilikuwa nyuma ya lile pazia nililochora maporomoko ya maji, ninalowasimamishia wateja. Nilikuoneni kwa upenyo, wewe na binti yako mkigawana ndizi moja, na nikashindwa kufungua mlango. Hakukuwa na harusi yoyote Bwesumbu.

Nakuambia sasa, bila kupunguza. Asmah amesema kweli. Mvua ilitupiga saa saba, na mwimbaji alipopanda jukwaani watu hawakuzidi mia mbili, wamejikunyata chini ya maturubai. Nilipiga hivyohivyo. Hardy alipoona akasema hiyo ni video ya msiba. Sasa sisi wenye kazi hii tuna njia yetu, tunaiita kujaza uwanja. Kila mmoja ana akiba ya umati aliyopewa na wenzake kutoka matamasha mengine, tunachomeka kipande hapa kipande pale, tunafunika na muziki. Mtazamaji anamwangalia mwimbaji. Nani anahesabu mashati ya umati? Miaka tisa hakuna aliyewahi kuuliza. Sikumfikiria mtu anayetazama bila masikio.

Dakika ya saba yako ni ya umati niliopewa na Tsongo, mpiga video mwenzangu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Ilipigwa huko kwenu Congo. Lini, sikujua. Aliponipa ilikuwa mwaka 2021, na tayari ilikuwa ya zamani.

Na hili ndilo baya kuliko yote: nilijua siku ileile nilipomtafuta. Nilipokupelekea ile picha nilikuwa najua. Lakini barua yako ilikuwa imenifanya mkubwa, Mama. Hakuna aliyewahi kuniandikia namna ile. Nikajiambia, labda mtu huyo yu hai kweli mahali fulani, na mimi sijamdhuru mtu. Mpaka nilipokuona kwenye ngazi yangu.

Hardy nimemwambia leo kwamba kila aliyeiona video ile ataambiwa ukweli. Tamasha la Desemba amempa mwingine.

Nisamehe, au usinisamehe.

Bright

*

Bwera, 6 Agosti 2025

Bright,

Rachelle ameibandua picha ukutani. Hakuirarua, ameikunja tu akaiweka chini ya godoro, na tangu jana hali chakula.

Usiniandikie kuomba msamaha tena. Padri anangoja jibu langu tarehe 10. Nataka kujua siku ile ilikuwa lini. Kama ni kabla ya Januari 2020, mume wangu amekufa. Kama ni baada, yu hai. Hilo tu. Nenda ukaniletee.

Geneviève

*

Kasese, 9 Agosti 2025

Mama Geneviève,

Nimevuka mpaka juzi. Tsongo nilimkuta, ameota kitambi na kamera ameziacha, siku hizi anauza simenti. Nilimwambia kila kitu. Alinitazama, akasema, "Bright, umefanya mubaya sana. Ule mama iko na roho, haiko umati." Kisha alipanda darini kwake akashuka na katoni iliyojaa vumbi. Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua la magharibi tukichomeka kadi moja baada ya nyingine.

Video yenyewe imo humu, kwenye flashi niliyoifunga katika kitambaa. Ni tamasha lote la Butembo, saa mbili na dakika zake, kama lilivyotoka kwenye kamera. Sikukata kitu, sikuweka muziki, sikuandika hata jina langu. Juu ya kadi Tsongo aliandika kwa kalamu: 3 Septemba 2017.

Samahani, Mama. Ni kabla.

Tsongo amenieleza jambo jingine. Siku zile alikuwa na desturi ya kupita katikati ya umati na kipaza sauti, anauliza watu wanamsalimia nani nyumbani, ili baadaye familia zije kununua kanda. Salamu zile mimi nilizikata zote, nilitaka vichwa tu. Nenda dakika ya hamsini na nne. Mimi nilipoona Tsongo anamsogelea mwenye shati la njano nilizima. Hayo si yangu kuyatazama kabla yenu.

Bright

*

Bwera, 20 Agosti 2025

Mdogo wangu Bright,

Misa ni Jumamosi. Nilimpa padri jibu tarehe 10, kama nilivyoahidi. Xavier amefika na mkewe, amelala kwa jirani, na ukali umemwisha. Njoo na kamera yako. Tutakuwa watu wachache, ishirini labda, na ukitujazia hata mmoja nitakufukuza mbele ya padri.

Sasa nikueleze, maana ni wewe uliyeleta.

Jumapili baada ya misa ya asubuhi nilimwomba Abubaker atuachie kibanda. Aliahirisha mpira! Wale wavulana wa maganda ya karanga walikuja kulalamika, akawaambia sababu, wakavua kofia wakakaa nyuma. Tulikuwa mimi, Rachelle, Xavier na mkewe kwenye benchi la mbele. Abubaker aliziba madirisha kwa magunia, akapeleka video dakika ya hamsini na nne.

Kwanza niliuona uwanja wa Butembo, na jua la kwetu. Sikujua kwamba jua la mahali linaweza kutambulika. Nyuma ya umati ni ukuta wa shule ya masista nilikofundishwa kuandika. Kamera inapita, watu wanacheka, wanatuma salamu, mmoja anamsalimia mbuzi wake. Kisha shati la njano likajaa ukuta mzima. Bright, kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mlango wa nyumba yangu! Matone ya jasho niliyaona moja moja. Ruben alikuwa mfupi, alikuwa anakasirika nikimwambia, na sasa tulikuwa tunainua shingo kumtazama. Xavier alishuka kwenye benchi akapiga magoti, na hakuna aliyemcheka.

Tsongo akamwekea kipaza sauti. Na mimi nikaikumbuka siku hiyo. Tarehe 3 Septemba ilikuwa Jumapili. Ruben aliniaga anakwenda kumnunulia mtoto mkoba wa shule. Alirudi jioni bila mkoba, viatu vimejaa vumbi, akaniapia kwamba amezunguka mji mzima na maduka yote yamefungwa. Nilimpikia chakula kizuri kwa kumhurumia! Mwongo mkubwa yule. Nilicheka kwa sauti ndani ya kibanda, sijui ilikuwa sauti gani maana siisikii, ila niliona watu wanageuka. Zile hasira zote za kucheza kwake ziliishia hapo. Alicheza wakati wa kucheza, akaja nyumbani akala.

Rachelle alikuwa ameganda pembeni yangu, mikono miwili mdomoni. Mimi nilikuwa na uso wa kutazama, lakini sauti ya baba ilikuwa ya mtoto peke yake, na ilikuwa inamfikia kwa mara ya kwanza tangu utoto. Nilimwona anavyoipokea. Sijawahi kutazama kitu cha ajabu kuliko uso wa mwanangu dakika ile, na nimezaa, na nimeiona milima ya theluji asubuhi mawingu yakifunguka.

Ilipoisha alichukua daftari letu aniandikie. Alikandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Aliandika hivi, nanakili:

"Namusalimia bibi yangu Geneviève, iko nyumbani anapasi nguo ya masomo. Na namusalimia mutoto wangu Rachelle. Kesho anaanza masomo. Rachelle, usiogope, Papa iko hapa."

Nilimwacha aandike mpaka mwisho, kwa sababu alihitaji kuandika. Lakini midomo ile nililala nayo miaka kumi. Jina langu nililisikia kabla hajafungua daftari.

Geneviève